Jumamosi za Kihindi kule Beltsville

Juzi nilikuwa nakatiza uchochoro nyuma ya nyumba za Columbia Heights, hapa Washington, nikapita mbele ya tundu la mashine ya kukaushia nguo. Mvuke wa joto ukanipiga usoni, na harufu ya sabuni ya unga pamoja na zile karatasi za marashi wanazotupia ndani ili nguo zilainike. Nikasimama. Hasira ilinipanda kabla sijajua ni hasira ya nini. Wenzangu wakinusa sabuni humkumbuka mama akiwaogesha. Mimi nakumbuka namba za Kihindi, na baba yangu amesimama mbele ya watu akieleza jinsi nyumba yetu ilivyokuwa na umoja.

Tulikaa Beltsville, nje kidogo ya Washington, kwenye majengo ya matofali mekundu ambako kila mlango ulitoa harufu ya nchi yake. Baba alikuwa anasomea magonjwa ya maharage. Mama, ambaye jina lake ni Tumpe, alikuwa analea wazee wa watu kwenye nyumba ya wazee, kazi ya kunyanyua na kugeuza na kulisha, akirudi jioni miguu imevimba. Nyinyi mliokulia huku miaka ile mnazijua nyumba hizo. Baba akiwa kwenye vitabu, televisheni inazimwa. Mama akirudi kazini, mtu wa kwanza kumvua viatu ni wewe.

Kwetu kulikuwa na sheria moja zaidi, nayo ilikuwa Kiswahili. Ukijibu kwa Kiingereza mezani, sahani inasogezwa mbali na wewe mpaka useme upya. Ukisema "kitabu yangu," chakula kinapoa huku ukirekebishwa ngeli. Baba alikuwa na methali yake ya kutuchapia, mkataa kwao mtumwa, na alituchapia nayo, mimi na mdogo wangu, kila siku ya Mungu. Mimi Kiswahili chenyewe sikukichukia. Nilichochoka nacho ni mahubiri.

Sheria ilikuwa na mkia. Lugha ya kabila ilikuwa marufuku mbele ya watoto. Baba ni Mbondei wa Muheza, lakini Kibondei chake kinaishia kwenye salamu na matusi mawili matatu. Kwao Kiswahili walikinyonya pamoja na ziwa la mama. Mama ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na Kiswahili alikikuta shuleni, akafundishwa kwa fimbo. Baba alimwambia tangu nikiwa mchanga, "Watoto wakisikia kilugha watajua kuna Wanyakyusa na Wabondei. Mimi nataka wajue kuna Watanzania." Mama akanyamaza. Mama alikuwa na kunyamaza ambako mtu asiye na akili angedhani ni kukubali, na baba, pamoja na shahada zake, alidhani hivyo kwa miaka mingi.

Kisha akaja Masta-ji. Huyu alikuwa mzee wa Kihindi, mwalimu mstaafu kutoka mji wa Kanpur, aliyeletwa Marekani na mwanawe fundi wa kompyuta. Miaka ile kompyuta zote za dunia zilisemekana zingezimika mwaka 2000 ukiingia, kwa hiyo majengo yetu yalijaa mafundi kutoka India walioitwa kuziokoa. Mzee alikuwa hana la kufanya. Alizunguka uwanja wa kuegesha magari amevaa koti la sufi na kofia ya masikio, akitafuta mtu wa kumfundisha kitu. "Masta-ji" kwao ni mwalimu kwa heshima, na watoto wote tulimwita hivyo.

Siku moja alimkuta baba anafuta theluji kwenye gari. Wakazungumza kwa Kiingereza, mzee akilalamika kwamba nchi yake ina lugha nyingi kiasi kwamba Mhindi wa kusini na Mhindi wa kaskazini wakikutana hapa Amerika huzungumza lugha ya Mwingereza aliyewatawala. Alisema dawa ni moja, kila mtoto wa India ajifunze Kihindi, awe wa kabila lolote. Baba aliacha gari nusu limefutwa. Alirudi ndani uso umewaka, kana kwamba amekutana na ndugu yake waliyepoteana sokoni.

"Tumpe, kuna mzee hapo chini ana akili," alisema. "Nimemwambia habari za Tanzania. Makabila zaidi ya mia, lugha moja, hakuna anayemuuliza mwenzake ametoka wapi. Karibu alie."

"Karibu alie kwa baridi," mama akasema. "Umemsimamisha nje muda wote huo."

Wakakubaliana, baba na mzee, bila kuuliza mtu. Masta-ji angefungua darasa la Kihindi kila Jumamosi asubuhi katika chumba cha wapangaji, kule chini ya jengo. Ili kuonyesha kwamba lugha ya kuunganisha watu haina ubaguzi, mimi ningehudhuria. Na mjukuu wa Masta-ji angepanda kwetu Jumapili kufundishwa Kiswahili na baba. Mjukuu alikuja mara moja, akashikwa na tumbo, na tumbo lile halikupona mpaka walipohama. Mimi sikuwa na bahati ya tumbo.

Basi fikirieni. Kiingereza changu wenzangu wa shuleni walikuwa wanakicheka, Kiswahili changu baba alikuwa anakikarabati, na sasa Jumamosi, wakati watoto wengine wanatazama katuni na bakuli la nafaka mapajani, mimi nimekaa kwenye kiti cha chuma katika chumba kisicho na dirisha naimba ka, kha, ga, gha. Ukuta wa pili ulikuwa wa chumba cha mashine za kufulia. Ukuta mwembamba, joto na harufu ya sabuni vikipenya, mashine zikinguruma. Masta-ji akigonga meza kwa rula, akisema kila lugha ni tawi na Kihindi ndicho shina. Nilijifunza kuhesabu. Nilijifunza kusema jina langu ni nani. Nilijifunza kumsalimia mtu mzima kwa viganja viwili, na baba alinifanya nirudie mbele ya wageni wetu wa Kitanzania, nao wakacheka mpaka chai ikawapalia.

Kilichoniokoa ni Revathi. Alikuwa na umri wangu, mkia wa nywele hadi kiunoni, na mdomo usio na breki. Naye alikuwa amelazimishwa kuja, na baba yake, aliyeogopa watu waseme wanajitenga. Kwetu Mhindi ni Mhindi, na sisi wote, baba akiwa wa kwanza, tulidhani wote hao wana lugha moja na kwamba wale wasioisema wanaringa tu. Baba alimsalimia mama yake Revathi kwa "namaste" kila walipokutana kwenye ngazi, akijivuna kwa kuijua, na Mama Revathi kila mara alimjibu "good morning." Baba akasema mama yule ana maringo. Nami nikaamini Revathi anajifanya hajui Kihindi kwa ukaidi, kama mimi nilivyojifanya sisikii nikiitwa kuosha vyombo.

"Kwa nini hutaki kusema lugha yako?" nilimuuliza siku moja.

"Hii si lugha yangu," akasema. Sisi wawili tulizungumza Kiingereza, bila shaka. "Mimi ni Mtamil wa kusini. Hii naijua kama unavyoijua wewe."

Sikumwelewa. Niliona ni visingizio. Lakini nilipomtazama akihangaika na herufi zilezile ninazohangaika nazo, akizikosea palepale ninapokosea, nikaanza kushuku kwamba huenda watu wazima hawajui wanachokifanya.

Ilikuwa kwenye darasa hilo nilipoanza kumsikia mama kupitia ukutani. Jumamosi alikuwa haendi kazini, na kila Jumamosi asubuhi aliteremka kufua. Nyumba ya watu wanne haina nguo za kufua kiasi kile. Aliteremsha mpaka mataulo safi. Mashine zikishaanza kuzunguka, sauti yake ingepanda, mara haraka, mara pole, maneno ambayo sikuyajua hata moja, mengine kama wimbo, na katikati kilio. Halafu kicheko. Halafu kilio tena.

Nikajua kilichompata. Mama Njeri, Mkenya aliyefanya kazi naye, alikuwa amewahi kutupeleka kwenye ibada ya walokole, ukumbi umejaa, na watu wakafumba macho na kunena kwa lugha, wakilia na kucheka kwa wakati mmoja. Sisi tulikuwa Walutheri wa kukaa kimya. Baba alirudi siku ile akiwaigiza sebuleni, na akaapa kwamba mkewe hatakanyaga pale tena. Kwa hiyo niliposikia maneno yale ukutani nilielewa yote kwa mara moja. Mama ameokoka kwa siri. Roho anamshukia Jumamosi kati ya mashine za kufulia, na baba akijua patachimbika. Nilikaa na mzigo huo majuma mengi. Kila Masta-ji alipotaka kunyamazisha darasa ili tusikie matamshi yake, mimi nilikohoa kwa nguvu kumfunika mama.

Mwishowe nilimwambia Revathi, maana siri ilikuwa inaninyima usingizi. Revathi aliinuka, akaomba ruhusa ya kwenda msalani, akarudi baada ya dakika chache na uso wa kuchoshwa na ujinga wangu.

"Yuko kwenye simu," akasema.

Nikaomba ruhusa na mimi. Mlango wa chumba cha kufulia ulikuwa wazi kidogo. Mama alikuwa ameegemea ukuta chini ya simu ya sarafu, kadi ya simu ya kukwangua ameishika kwa meno, mkono mmoja kwenye sikio kuzuia kelele za mashine. Akaitoa kadi mdomoni akasema kitu kirefu, akacheka, akapiga goti kwa kiganja. Mama yangu hakuwahi kucheka hivyo nyumbani, kicheko cha kupiga goti. Niliona wivu, ndiyo, wivu, kwa sababu kuna mtu alikuwa anapata mama mwingine kabisa, mchangamfu, na sisi tulikuwa tunapata aliyebaki.

Mtu huyo alikuwa bibi. Kule Tukuyu kulikuwa na duka lenye simu, na kila Jumamosi jioni ya kwao, ambayo ni asubuhi yetu, bibi alishuka kutoka kijijini, akakaa kwenye benchi la duka kungoja simu ilie. Kiswahili cha bibi kilikuwa shikamoo, marahaba, na chumvi. Kwa hiyo mama aliongea naye kwa lugha yao, na kwa kuwa lugha hiyo ilikuwa haramu kwetu ghorofani, aliteremka nayo chini pamoja na mataulo.

Mpaka hapo ugomvi wa lugha ulikuwa wa Wahindi, na laiti ungebaki kwao. Lakini ofisi ya jengo ilitangaza kwamba chumba cha wapangaji kitatolewa kwa darasa moja tu la Jumamosi. Mama Revathi alikuwa ameomba chumba kwa ajili ya Kitamil. Masta-ji alikuwa anakitaka kwa Kihindi. Familia nyingine za Kihindi, wa Gujarati na wa Telugu na wengine, walikuwa katikati, wanasukumwa huku na huku. Ukaitishwa mkutano wa wazazi waamue. Na Masta-ji akamwomba baba aje kuzungumza, kama shahidi kutoka nchi iliyofanikiwa.

Baba aliandaa hotuba yake wiki nzima akitembea sebuleni. Mama akakaanga maandazi, maana Mtanzania haendi kwenye shughuli ya watu mikono mitupu, hata kama shughuli yenyewe ni ugomvi. Nami nilivalishwa gauni la Krismasi ili nisome namba za Kihindi mwanzoni mwa kikao. Nilizisoma. Wakapiga makofi. Mama Revathi, aliyekuwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini Springfield, kule Virginia, akiwa na suruali ya jinzi na uchovu wa foleni za makutano ya barabara ya huko yaliyomzeesha kila dereva, hakupiga.

Baba alisema vizuri, siwezi kumnyima hilo. Aliwaambia jinsi mtoto wa Bukoba na mtoto wa Mtwara wanavyoweza kulala bweni moja na kutaniana. Alisema lugha moja si adui wa mtu. Kisha akafika pale alipokuwa anapapenda. "Chukueni mfano wa nyumba yangu," akasema. "Mimi na mke wangu ni wa makabila mawili tofauti. Watoto wetu wana lugha moja. Kwetu hakuna aliyeachwa nje."

Mama Revathi akainua mkono. "Lugha ya mkeo ni ipi?"

"Kiswahili," baba akasema.

"Samahani, namuuliza yeye."

Mama alikuwa karibu na meza, sinia la maandazi mkononi. Alilitua. "Kinyakyusa," akasema.

"Watoto wanakijua?"

"Hapana."

"Mama yako anajua Kiswahili?"

"Salamu tu."

"Sasa bibi na wajukuu wanaongeaje?"

Mama alifikiri kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mahali. "Hawaongei," akasema. "Hata mimi naongea naye hapo kwenye mashine za kufulia."

Watu wakatazama viatu vyao. Masta-ji, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema kwa upole kwamba kila jambo kubwa lina hasara yake ndogo, na kwamba yeye mwenyewe angefurahi kama watoto wote wa India wangeweza kuongea na babu mmoja. Mama Revathi akamwambia, "Babu mwenyewe ni wewe, Masta-ji. Ndiyo maana unaona hasara ni ndogo."

Ndipo mama yangu alipomgeukia baba na kusema kwa Kiswahili, taratibu, "Baba Neema, mwamba ngoma huvutia kwake."

Chumba kizima kikataka kujua amesema nini. Baba, mtetezi wa mawasiliano kati ya binadamu, alikohoa na kuwaambia kwa Kiingereza, "Anasema karibuni maandazi."

Wakainuka kula. Nilitamani sakafu ifunguke. Revathi akanivuta gauni akiuliza mama yangu kasema nini hasa, nikajaribu kumweleza kwamba kuna mtu anatengeneza ngoma na kila akiikaza ngozi anaivutia upande wake. Akaniuliza ngoma iko wapi. Nikakata tamaa.

Wakapiga kura na Kihindi kikashinda, kwa sababu wazazi wengi walichoka na walitaka kurudi nyumbani. Mama Revathi akamtoa Revathi darasani siku hiyohiyo, akahamishia Kitamil chake jikoni kwake. Kwa hiyo faida niliyoipata mimi kutokana na hotuba ya baba ya umoja ni kupoteza rafiki wangu wa pekee wa Jumamosi. Sikumwambia baba neno. Ningemwambia kwa lugha gani, ilhali angerekebisha ngeli kwanza?

Yale ya mkutanoni hayakuzungumzwa nyumbani. Jumamosi iliyofuata mama hakuteremka na mataulo. Alikaa sebuleni kwenye kochi, akavuta simu ya nyumbani mapajani, akakwangua kadi na kumpigia mama yake, kwa sauti yote, Kinyakyusa kikijaza nyumba. Baba alikuwa nyuma ya gazeti. Gazeti halikugeuzwa ukurasa. Sheria ikafa hivyo, bila tangazo, lakini kwa ajili ya mama tu. Sisi watoto hatukuambiwa kitu, na Kihindi changu kikaendelea.

Halafu ikaja Jumamosi moja, asubuhi, Mama Njeri akapiga simu. Sauti yake ilisikika mpaka jikoni. "Tumpe, please, nicoverie hiyo shift ya leo. Mtoto ako na homa mbaya, hata sijalala. Nitakurudishia next week, haki ya Mungu." Mama akaitazama saa, akatazama simu, akasema sawa. Alivaa viatu vyake vyeupe vya kazini amesimama.

"Mama atakuwa dukani," akamwambia baba. "Atakaa pale mpaka giza, na kule ni baridi. Mpigie. Mwambie niko kazini, mzima, nitampigia Jumamosi ijayo."

"Hilo tu?" baba akasema.

"Hilo tu."

Nilikuwa nimeshashika begi niteremke kwa Masta-ji, lakini baba alinizuia nimsomee namba za kadi, maana miwani yake ilikuwa imepotea kichwani kwake. Nikasoma, akabonyeza. Simu ikalia mbali kule, mtu akapokea, pakawa na kishindo cha benchi, na bibi akaja. Nilikuwa nimebana sikio langu upande wa pili wa mkono wa simu.

"Shikamoo, mama," baba akasema.

"Marahaba," bibi akasema kwa sauti ndogo, ya kuuliza.

"Mama, Tumpe yuko kazini."

Bibi akasema kitu, na ndani yake nikasikia jina la mama.

"Tumpe. Kazini," baba akasema kwa nguvu zaidi. "Ka-zi-ni. Hayupo. Tumpe hayupo. Mzima. Mzima, mama."

Sasa nyie mnaelewa, lakini mimi sikuelewa wakati ule na baba katika ujuzi wake hakuwa amefikiria. Mkwe hapigi simu ukweni kutoa salamu. Tangu mama aondoke Tukuyu, mkwe huyu hakuwahi kumpigia bibi hata mara moja. Sasa anapiga yeye mwenyewe, kutoka ng'ambo, siku ambayo mama ndiye hupiga, mama hasikiki, na anapaza sauti akitaja jina lake. Kwa mwanamke wa umri wa bibi habari hiyo ni moja tu. Bibi alianza kulia. Hakulia polepole. Ilikuwa ile sauti ndefu ya msibani, inapanda na haishuki, na nyuma yake nikasikia wanawake wengine wakiidaka.

"Hapana," baba akasema. "Hapana, mama. Mzima. Mzima." Alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kila alivyopaza, na kule walizidi. Alinitazama mimi. Baba yangu, ambaye hakuwahi kukosa neno, alinitazama mimi mtoto kama nina dawa mfukoni. Nilikuwa nayo ka, kha, ga, gha.

Simu ikanyang'anywa. Sauti ya mwanamume ikaingia, mwenye duka.

"Halo. Wewe ni nani, na umemwambia nini mama wa watu? Hapa watu wameshaanza kukusanyika."

"Mimi ni mume wa Tumpe. Hakuna msiba. Tumpe yuko kazini tu."

"Sasa si ungesema."

"Nimesema."

"Umesema Kiswahili, baba. Mama huyu Kiswahili hana."

Mwenye duka akageuka, akawatangazia kwa lugha yao, na kilio kikakatika kipande kipande, mmoja mmoja, mpaka akabaki bibi peke yake akivuta kamasi. Baba aliketi kwenye mkono wa kochi. Jasho lilikuwa limemtoka, na ilikuwa bado majira ya baridi.

"Mwambie samahani sana," akasema.

"Amesikia. Anauliza umekaa na mwanawe miaka mingapi."

Bibi aliongea tena, kirefu, bila kulia sasa, na mwenye duka alimsubiri amalize. Alipokuja kwenye simu, sauti yake ilikuwa imepungua, kama mtu aliyepewa kazi asiyoitaka.

"Mama anasema hivi. Leo si kweli, na anamshukuru Mungu. Lakini siku ikiwa ni kweli, nani atamwambia?"

Kadi ikaisha hapo. Sauti ya mwanamke iliyorekodiwa ikaingia na Kiingereza chake cha adabu, ikatushukuru kwa kutumia huduma yao. Baba alikaa ameshika simu iliyokatika. Nilitaka kumwonea huruma, na kidogo nilimwonea, lakini zaidi nilikuwa na hasira, kwa sababu bibi kizee alikuwa amelizwa mbele ya duka la watu kwa kukosa neno moja ambalo mama angemfundisha baba siku yoyote ya miaka yote hiyo, kama angemuuliza.

Mama alirudi jioni. Hakuwa ameweka hata begi chini.

"Umeongea na mama?"

Baba alimweleza. Alimweleza yote, hakuficha, na mama akasikiliza amesimama kwenye zulia la mlangoni, koti limefungwa mpaka juu. Nilingoja agombe. Alifumba macho, akayafumbua.

"Tumpe," baba akasema, "'mzima' kwenu mnasemaje?"

Mama alimtazama kuona kama anatania. Akamwambia. Baba akalirudia, akalikosea. Mama akamtamkia tena. Akalikosea tena, yeye aliyepoza wali wangu miaka yote kwa ajili ya ngeli, na mama akavuta kiti akakaa na koti lake, akaanza upya, polepole, akimwonyesha midomo. Baba akamfuata. Neno likaenda na kurudi kati yao juu ya meza, na uso wa mama ukaanza kulegea.

Nilisogea. Nikasimama kati ya meza na jokofu, nikafungua mdomo ili nilijaribu neno lile na mimi.

"Neema," baba akasema bila kugeuka, "kazi ya Masta-ji umemaliza?"